Leo ni Siku ya Mbaraka

Kila asubuhi, kabla sijashusha miguu kitandani, huchagua wimbo mmoja. Si mbili wala tatu. Ni huo mmoja ninaousikiliza nikipiga mswaki, nikipiga pasi, na tena nikielekea darasani. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Masaka, na yeye huacha simu yake iimbe chochote kinachokuja. Siku moja aliniambia kwamba mimi sipendi muziki, napenda kuupangia ratiba. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa, kwa sababu ni kweli kwamba siwezi kuianza siku kabla sijajua ni siku ya nani.

Usemi huo, "siku ya nani", si wangu. Ni wa nyumba niliyolelewa huko Kilembe, kwenye bonde la mto Nyamwamba, juu kidogo ya mji wa Kasese. Mama alikuwa akifanya biashara Bwera, mpakani, kwa hiyo mimi nilikaa na Babu na Bibi.

Babu alikuwa mchimbaji wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, ambayo ilipelekwa kuyeyushwa Jinja, na mgodi ukavuta vijana kutoka pande nyingi, wenye lugha zao. Babu husema alijifunza Kiswahili gizani, kwanza amri, kisha matusi, kisha vichekesho, na sarufi haikufika kamwe. (Nikimsahihisha ngeli hunijibu kwamba jiwe likikuangukia halingojei ngeli.) Mgodi ulipofungwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitoka na Kiswahili chake na redio kaseti ya spika mbili. Kaseti alizihifadhi kwenye kopo la biskuti. Hazikuwa nyingi, kumi na moja tu, na mbili kati ya hizo zilikuwa na utepe uliokwisha kuliwa na mashine na kuungwa kwa gundi.

Mle kwenye kopo alikuwamo Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye alifariki katika ajali ya gari mwaka 1979, Babu akiwa bado mgodini. Alikuwamo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyegeuka mtu wa Dar es Salaam. Walikuwamo Super Mazembe, Wakongo wengine waliopata jina wakiwa Nairobi. Na Franco na TPOK Jazz yake, kaseti tatu nzima. Lingala Babu hakuijua sana. Alisema Franco hahitaji kueleweka, anahitaji nafasi ya kuchezea.

Asubuhi alitoka nje na kikombe cha chai, akautazama mlima. Akausikiliza na mto, maana mtu wa Kilembe huusikiliza mto kila siku, hata akiwa hana habari kwamba anausikiliza. Kisha aliingia ndani, akafungua kopo, akachagua, akatangaza: "Leo ni siku ya Mbaraka." Au ya Franco. Jumamosi haikuwa siku ya mtu, kwa sababu Bibi ni Msabato na siku hiyo kopo lilikaa kimya. Zilisikika nyimbo za kanisa kwa Lhukonzo, zikiimbwa na Bibi mwenyewe akijiandaa.

Mimi niliamini Babu anachagua wimbo wa kumfaa yeye, kama mtu anavyochagua shati. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi nilipofunguliwa macho. Nilitaka hela ya daftari, nikawa naelekea sebuleni. Bibi alinishika mkono mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Babu, kuomba hela."

"Kwani husikii redio?"

Redio ilikuwa inaimba. Nilisema ninaisikia. Bibi akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoka. "Hiyo ni ya Mbaraka," alisema. "Hana. Na anajua kwamba hana. Usimwongezee. Subiri ya Franco."

Siku hiyo nilianza kuelewa nyumba yetu. Babu si mtu wa kusema "nimechoka" au "nina wasiwasi". Katika maisha yangu yote sijamsikia akitamka neno huzuni kwa kuhusu nafsi yake. Lakini kila asubuhi alitoa tangazo, na Bibi alilipokea akiwa jikoni. Siku ya Franco ilikuwa siku ya kuomba. Siku ya Mazembe ilikuwa ya wageni na ya kuchinja kuku, kama kuku yupo. Siku ya Remmy, hasa ule wimbo wake uitwao "Kifo", ilikuwa ya kuwakumbuka wenzake waliobaki chini ya mlima, na siku hiyo Bibi alimpelekea chakula bila kumwita mezani, wala hakumuuliza lolote mpaka jioni.

Nimelikumbuka jambo hili sana tangu tuanze somo la fasihi simulizi. Tumefundishwa kuziainisha nyimbo kwa shughuli zake: bembelezi za kumlaza mtoto, hodiya na wawe za kazi, kimai za mabaharia, nyiso za jandoni, mbolezi za msibani. Ukiutazama mpangilio huo, hakuna mahali palipoandikwa "wimbo wa mtu aliyeamka vibaya Jumanne". Shughuli ndiyo inayouita wimbo, na watu huja pamoja nao. Kwetu Bakonzo kuna eluma, filimbi za kundi, ambapo kila mpigaji ana filimbi yake yenye sauti yake moja. Wimbo hutoka pale tu kila mmoja anapopuliza kwa zamu yake. Hata uwe na huzuni ya namna gani, huwezi kuupiga wimbo wa eluma peke yako kitandani. Utatoa sauti moja, utangoja, na hakuna atakayekujibu.

Kuna na upande mwingine wa wimbo kusikika, ambao pia niliujua nyumbani kabla ya kuusoma. Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha mwaka 1982 makala kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu, harakati iliyoanza mwaka 1962 ya kujitenga na utawala wa Toro. Nilipomwambia Babu kwamba nyimbo hizo zimeandikwa na Wazungu, alikaa kidogo, kisha akasema, "Zile si za redioni. Jirani anasikia." Hakuongeza neno. Nakumbuka pia Novemba 2016, mapigano yalipotokea mjini Kasese na kasri la mfalme kushambuliwa. Kwa siku kadhaa kopo halikufunguliwa. Siku hizo zilikuwa hazina mwenyewe.

Halafu mto. Mwaka 2013 maji yaliingia ndani, tukaokoa redio kwa kuipandisha juu ya kabati. Mei 2020 hayakuingia ndani, yalichukua nyumba. Tulikuwa tumekwisha kukimbilia juu gizani, Bibi akiwa na biblia na mimi na ndoo, sijui kwa nini ndoo. Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa yanayogongana, na sauti yake ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto bila kumaliza. Hata hospitali ya Kilembe ilivunjwa, wagonjwa wakahamishwa. Asubuhi, pale ilipokuwa sebule yetu, palikuwa na mawe na mti mzima wenye mizizi. Babu alisimama akapatazama. Hakuwa na chai.

Usafiri uliposhushwa makufuli ya korona tulihamia kwa Mama, Bwera. Kila aliyemuuliza Babu hali alijibiwa, "Niko sawa." Alikula na kuoga kama kawaida, na jioni alikaa barazani akitazama watu wa Mpondwe wakipita na baiskeli za mizigo. Wajomba waliridhika: mzee ni mgumu, mzee ni wa mgodini. Bibi peke yake hakuridhika. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Sijui leo ilikuwa siku gani. Wiki ya nane hii sijui."

Nikaona kazi ni rahisi. Nilitunza hela nilizopata kwa kumsaidia Mama kupima chumvi ya Katwe sokoni, nikanunua redio ndogo ya kutumia kadi ya memori, nikamjazia kadi nyimbo zote ninazozikumbuka za kopo na nyingine mia juu yake. Kijana wa kibanda cha nyimbo aliniuliza kama ninafungua baa. Babu aliipokea kwa mikono miwili. Aliiwasha, ukaja Mazembe, akatabasamu. Ukafuata wimbo wa Franco, kisha Remmy, kisha mtu ambaye hakumjua kabisa. Akabonyeza, ukaja mwingine. Baada ya nusu saa aliizima, akanirudishia.

"Asante, mjukuu wangu. Lakini hii inajiimbia yenyewe."

Niliumia, nikafikiri kwamba ni uzee unakataa vitu vipya. Ilinichukua siku mbili kuona kosa langu. Nilikuwa nimempa nyimbo mia na zaidi, nikamnyang'anya kuchagua. Redio ile ilikuwa na tundu la flashi. Nilirudi kibandani na flashi nne, kila moja nikaitia mtu mmoja tu, na binamu yangu akazipaka rangi ya kucha ya dada yake: nyekundu Franco, nyeupe Mbaraka, buluu Mazembe. Ya Remmy tuliiacha nyeusi kama ilivyokuwa. Nikazitia katika kopo la majani ya chai.

Kesho yake Babu alitoka barazani na kikombe. Kutoka Bwera mlima si ule ule, unauona kwa ubavu mwingine, lakini aliutazama. Akaingia, akafungua kopo, akavaa miwani kutafuta rangi. Alichagua nyeusi. Aliirudia nyeusi siku tisa mfululizo, na kwa siku tisa Bibi alimpelekea chakula chake barazani bila kumwita mezani. Siku ya kumi ilikuwa nyeupe. Sikuwahi kudhani kwamba ningefurahia siku ya Mbaraka.

Sasa nirudi kwangu chuoni, kwa sababu nimekuwa nikijisifu bure. Ninachagua wimbo kila asubuhi kama Babu, lakini ninausikiliza kwa hedifoni. Simu zetu zina orodha zilizokwisha kupangwa, za huzuni, za mapenzi, za kusomea, na kila mtu bwenini ana yake masikioni. Tunapishana ngazini tukitikisa vichwa kwa midundo tofauti. Mimi nilidhani nimerithi desturi ya Babu. Nilikuwa nimerithi nusu tu, ile nusu ya kopo. Nusu ya jikoni sikuwa nayo.

Muhula uliopita ada yangu haikutimia. Biashara ya Mama ilikuwa imelala, na kadi ya mtihani haitoki bila ada. Nilikaa karibu wiki mbili bila kumwambia mtu. Mwenzangu wa chumba aliniona nikivaa, nikichana nywele na kutoka na vitabu; hakujua kwamba ninakwenda kukaa maktabani kwa sababu siwezi kuvumilia kuulizwa ninajiandaa vipi. Wimbo wangu ulikuwa ule ule kila siku. Yeye hakuweza kuusikia, na kwa kweli mimi ndiye niliyehakikisha hausikii.

Jumapili moja hedifoni yangu ilikufa upande wa pili, wa kwanza ulikuwa umekufa zamani. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikaiacha simu iimbe juu ya meza, lakini nilikuwa nimeazima simu ya mwenzangu kupiga nyumbani kwa sababu yangu haikuwa na salio. Bibi alipokea.

"Hujambo, mama? Umekula?"

"Nimekula, Bibi. Niko sawa."

"Masomo?"

"Mazuri. Niko sawa tu."

Alinyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikaita, "Bibi?"

"Nipo," alisema. "Nasikiliza. Tangu lini ni siku ya Mbaraka huko?"

Nilijaribu kusema ni redio ya jirani, sauti haikutoka. Bibi hakuuliza la pili. Nilimsikia akisimama, nikasikia ndara zake zikiburuza sakafuni, kisha akasema kwa upande, "Mpe mtoto." Babu alishika simu lakini hakusema. Nikasikia kopo la chai likifunguliwa, vitu vidogo vikigongana ndani, halafu kimya cha mtu anayetafuta miwani.

Nilitarajia nyekundu. Alichomeka nyeupe. Akaiweka simu karibu na spika, na tukasikiliza, yeye Bwera na mimi chumbani, kila mmoja na Mbaraka wake, wangu ukiwa mbele ya wake kwa ubeti mmoja hivi, mpaka salio la mwenzangu likaisha.