Habari za Mji wa Glasgow: Jua, Mifupa, na Saratani

Mji wa Glasgow ni mkubwa kuliko miji yote ya Uskoti. Umejengwa kando ya mto Clyde, karibu na nyuzi 56 kaskazini mwa Ikweta. Wengi wetu twalisikia jina lake kwa ajili ya David Livingstone, aliyezaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, si mbali na mji huo, akasomea uganga mjini. Hata leo sanamu yake imesimama karibu na kanisa kuu la kale. Lakini safari hii hatusimulii habari za Livingstone. Twataka kusimulia habari za jua la Glasgow, kwa maana zatufundisha neno lipasalo kila nyumba, yaani kupambanua kati ya dawa itumainiwayo tu na kinga iliyokwisha kujaribiwa.

Mtu wa kwetu, aliyezoea jua lichomozalo na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, akifika Glasgow mwezi wa Desemba hustaajabu. Jua huchomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi, na ifikapo saa kumi kasorobo ya alasiri limekwisha kutua. Hata adhuhuri halipandi juu. Huambaa juu ya mapaa ya nyumba, na siku nyingi mawingu hulifunika. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, hata saa nne ya usiku bado mwanga uko.

Zamani palikuwa na kizuizi kingine. Katika karne ya 19 mji ulijaa viwanda vya nguo, vya chuma, na vya kuunda merikebu. Watu walimiminika kutoka mashambani na kutoka Ayalandi, wakakaa katika majumba marefu ya mawe, mara nyingi jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili. Moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya njia nyembamba, na jua dogo lililokuwapo halikuwafikia watoto.

Basi watoto wengi wakapatwa na matege. Miguu yao ilipinda kama upinde, vifua vikabonyea, na wasichana walipokuwa wanawake, nyonga zao zilikuwa nyembamba hata kuzaa kukawa hatari ya kufa. Mwaka 1889 chama cha waganga wa Uingereza kilichapisha ramani za magonjwa kadha wa kadha, na matege yalikuwamo, na saratani pia. Ilionekana wazi ya kuwa matege ni ugonjwa wa miji mikubwa na ya mahali pa viwanda.

Aliyeufumbua ujumbe wa ramani hiyo alikuwa mmisionari mganga, jina lake Theobald Palm. Alikuwa amefanya kazi huko Niigata katika nchi ya Japani, na huko hakuyaona matege. Aliporudi Uingereza aliyaona kwa wingi, akajiuliza sababu. Akawaandikia wamisionari wenziwe waliokuwa China, India, Moroko na mahali pengine, wamwambie waliyoyaona kwa macho yao. Majibu yao yalifanana: katika nchi za jua, hata penye umaskini mkuu na chakula haba, matege yalikuwa machache. Mwaka 1890 Palm akaandika ya kuwa sababu kubwa ni kukosa jua, akashauri watoto waotwe jua na watu wafundishwe faida yake. Lakini maneno yake hayakusikilizwa kwa miaka mingi.

Katika mji wa Glasgow wenyewe wataalamu walibishana. Daktari Leonard Findlay alisema mwaka 1908 ya kuwa ugonjwa watokana na kufungiwa ndani. Wengine, kama Edward Mellanby wa Uingereza mwaka 1919, walisema watokana na chakula, kwa kuwa mafuta ya ini la samaki yaliukinga. Ndipo Harriette Chick na wenzake walipokwenda Vienna baada ya vita, wakawatunza watoto kati ya mwaka 1919 na 1922, wakaona ya kuwa jua huponya na mafuta ya samaki huponya vile vile. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika kweli. Kitu ni kimoja, nacho katika miaka ya 1920 kikapewa jina la vitamini D. Ngozi hukitengeneza ipigwapo na jua, na mafuta ya samaki huwa nacho tayari. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuipokea chokaa iliyomo katika chakula na kuitia mifupani. Huko Uskoti, toka Oktoba hata Machi, mionzi ya jua huja kwa mshazari mno, hata ngozi haiwezi kutengeneza vitamini hiyo ya kutosha.

Matege yalipungua sana, lakini hayakutoweka. Baadaye yalionekana tena mjini Glasgow katika jamaa zilizotoka Bara Hindi, kwa kuwa ngozi nyeusi yahitaji jua jingi zaidi. Toka mwaka 1979 mji ukafanya kampeni, watoto wa jamaa hizo wakapewa vitamini D bure, na wazazi wakaelezwa habari zake. Idadi ya watoto waliolazwa hospitalini kwa matege ikashuka. Hapa twaona mambo mawili yamekutana, yaani dawa ya kweli na watu waliowaendea wenzao.

Sasa tuje kwenye saratani. Mwaka 1974, katika mji wa Baltimore huko Marekani, ndugu wawili, Cedric na Frank Garland, waliiona ramani nyingine, ya vifo vya saratani katika nchi yao. Waliona ya kuwa saratani ya utumbo mpana iliua watu wengi zaidi upande wa kaskazini penye jua haba kuliko kusini. Mwaka 1980 wakachapisha fikira yao, ya kuwa huenda vitamini D yakinga saratani hiyo. Fikira ilikuwa njema, nayo ilifanana sana na ya Palm. Vyama vikaanza kuwahimiza watu wapimwe damu na kumeza vidonge, na wengi wakasadiki kwamba kinga ya saratani imepatikana.

Lakini ramani huuliza swali tu, haitoi jibu. Watu wakaao penye jua hutofautiana na wengine kwa chakula, kwa kazi na kwa tumbaku. Tena mgonjwa hukaa ndani, kwa hiyo vitamini yake hupungua kwa sababu ya ugonjwa, wala si ugonjwa uliotokana na upungufu. Ili kujua kweli, hapana budi kujaribu kwa haki. Hayo yalifanywa na wataalamu wa Boston. Watu 25,871 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa vitamini D kila siku, mikrogramu 50, na nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya muda wa miaka mitano hivi, habari zilitolewa mwaka 2018. Waliopatwa na saratani katika wale waliomeza vitamini walikuwa 793, na katika wale wengine 824. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kutokea kwa bahati tu. Waliokufa kwa saratani walikuwa 154 na 187. Hapo wataalamu wengine huona dalili ya faida, nao waendelea kuchunguza, lakini haijathibitika.

Na sisi je? Mwaka 2012 zilitolewa habari za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waliopimwa damu. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 za vitamini D katika lita moja, na Waingereza husema mtu asishuke chini ya 25, mifupa isije ikadhoofika. Basi jua letu latutosha sana tukitoka nje. Lakini wingi huo si ngao ya saratani. Tena jua lenyewe laweza kuleta saratani ya ngozi, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wapaswa kufunikwa kwa kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kukinga ngozi tangu utoto.

Turudi Glasgow tuone mji huo wafanyaje. Watu wake wana desturi ya zamani ya kuwaendea wenzao majumbani. Katika Machi na Aprili mwaka 1957, kifua kikuu kilipokuwa kikiua wengi, watu wa kujitolea walipita mlango kwa mlango wakiwaalika jirani zao kupigwa picha ya kifua. Kwa majuma matano walipigwa picha watu zaidi ya 700,000, na waliogunduliwa kuwa wagonjwa wakatibiwa.

Siku hizi kwa saratani ya utumbo mpana mjumbe ni bahasha. Tangu mpango huo ulipoanza mwaka 2007 na kuenea Uskoti yote mwaka 2009, kila mtu wa umri wa miaka 50 hata 74 huletewa kwa posta, kila miaka miwili, kijiti cha kuchukulia choo kidogo. Hukirudisha kwa posta, nacho hupimwa mjini Dundee, kama mna damu isiyoonekana kwa macho. Ikionekana, mtu huitwa achunguzwe kwa kamera, na vinyama vidogo huondolewa kabla havijageuka kuwa saratani. Kipimo cha choo cha namna hii kilijaribiwa kwa kura huko Nottingham kwa watu zaidi ya 150,000. Mwaka 1996 ilitangazwa ya kuwa vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa 15 katika kila 100. Tazameni tofauti: kidonge kilisifiwa sana, kipimo hakina fahari, lakini kipimo ndicho kilichookoa.

Hata hivyo si kila bahasha hurudishwa. Katika mitaa ya maskini hurudi chache kuliko mitaa ya matajiri. Wengine huona haya, wengine huogopa jibu. Bahasha haiwezi kumshika mtu mkono. Kwa hiyo neno la jirani, la mke kwa mumewe, la mwalimu kwa wazazi, lingali lina kazi hata katika mji wenye hospitali nyingi.

Wazazi na waalimu, kwetu hakuna bahasha iletwayo kila nyumba, lakini kinywa tunacho. Mtu akiona damu katika choo, au choo chake kikibadilika kwa majuma kadha, au akikonda bila sababu, asinyamaze wala asinunue vidonge vya vitamini kwa kutumaini kupona. Mwambieni aende kwa daktari, tena mfuateni kama ana hofu. Wasichana wetu nao wapelekwe kuchanjwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Na kijana wenu akisafiri kwenda kusoma nchi za baridi, mwambieni ameze vitamini D mikrogramu 10 kila siku, kama serikali ya huko iwashaurivyo watu weusi mwaka mzima. Hiyo itamfaa mifupa yake, wala asiizidishe kwa kudhani kuwa kingi ndicho bora, kwa maana ikizidi mno hudhuru mwili.

Palm aliwaandikia wenziwe barua, nao wakamjibu waliyoyaona. Nasi tukiona ugonjwa kwa jirani, tusingoje aulize.