Protini ya Kisiwa

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania au Kenya huenda anaikumbuka chati ya vyakula iliyobandikwa ukutani: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kulinda mwili na vyakula vya kujenga mwili. Katika fungu hili la mwisho zilichorwa picha za maharage, samaki, mayai na maziwa, na chini yake neno moja: protini. Msemo huo wa kujenga ulikuwa na haki yake. Katika nchi ambako unyafuzi ulivimbisha miguu ya watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji mtupu, ilipasa mama aelezwe kwa ufupi kwamba wanga peke yake hautoshi. Lakini msemo huo uliacha picha finyu. Protini ikawa tofali, na mwili ukawa nyumba. Picha hiyo inawapungukia Waswahili wazee wanaoishi Toronto, mji ambao umaarufu wake katika tiba unatokana na protini isiyojenga ukuta wowote.

Protini hiyo ni insulini. Kazi yake ni ya tarishi: hutoka kwenye kongosho, husafiri katika damu, na hubisha hodi kwenye seli za misuli na za mafuta ili zifungue mlango, sukari iingie. Tarishi asipokuwapo, sukari hujaa damuni huku seli zikifa njaa. Mtu hula na bado hukonda. Kabla ya 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna hiyo hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula, ili siku zake zirefuke kidogo.

Tangu 1889 ilijulikana kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari. Wengi walijaribu kulikamua kongosho ili waipate dawa, wakashindwa. Ilidhaniwa kwamba kikwazo ni kazi mbili za kongosho lenyewe, kwani hutengeneza pia vimeng'enya vinavyokata protini za chakula. Likisagwa, mkataji na mkatwa hukutana. Frederick Banting, daktari kijana wa upasuaji, alikwenda Chuo Kikuu cha Toronto na wazo la kufunga mirija ya kongosho ili sehemu ya vimeng'enya ife na ile nyingine ibaki. Mei 1921 alianza kazi pamoja na Charles Best katika maabara ya John Macleod. Mwishoni mwa mwaka aliongezeka James Collip, mwanakemia, naye akaisafisha dawa kwa alkoholi. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano ya kwanza katika Toronto General Hospital. Dawa ilikuwa chafu bado, na haikumfaa. Tarehe 23 alipewa iliyosafishwa na Collip, na sukari ikashuka. Aliishi hadi 1935. Hataza iliuzwa kwa chuo kikuu, kila mmoja wa wenye haki akipokea dola 1.

Jina la protini hiyo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Mwaka 1869 Paul Langerhans alikuwa ameona makundi madogo ya seli yaliyotawanyika ndani ya kongosho, nayo baadaye yakaitwa visiwa vya Langerhans. Insulini, basi, ni protini ya kisiwa. Mtu wa Pemba au Lamu hapati taabu kulielewa jina hilo: kisiwa ni kidogo, ila habari zake hufika bara.

Taabu iko kwingine. Bibi mmoja aliyetoka Tanga amekaa mbele ya daktari huko Scarborough, na mjukuu wake ndiye mkalimani. Daktari amesema sindano, kila siku.

"Mwambie anipe vidonge, mjukuu wangu. Mie sindano siziwezi."

"Bibi, hii haimezwi."

"Haimezwi kwa nini, na dawa nyingine zote nazimeza?"

Mjukuu ananyamaza. Amefaulu vizuri somo la biolojia, na jibu lote analo kichwani kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili hana neno la kuanzia. Bibi ni mtu mzima, hatii amri asiyopewa sababu yake. Akirudi nyumbani huenda sindano zikabaki kwenye friji, na badala yake akachemsha majani ya mlonge. Kwa mtu ambaye kongosho lake limeishiwa, hatari ya uamuzi huo ni kifo.

Jibu la bibi lilikuwa jikoni kwake. Protini ni uzi wa shanga ziitwazo asidi amino, za aina 20, zilizotungwa kwa mpango maalumu kisha uzi ukakunjwa. Insulini ina nyuzi mbili, mmoja wa shanga 21 na mwingine wa shanga 30. Mpango wake ulifichuliwa na Frederick Sanger huko Cambridge, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Mikunjo hiyo ndiyo inayoipa protini kazi yake. Yai linapochemshwa, ute huwa mweupe na mgumu ingawa hakuna kilichoongezwa: joto limekunjua nyuzi na kuzitatanisha, wala hazirudi zilivyokuwa. Tumboni, asidi hukunjua na vimeng'enya hukata shanga. Tumbo halimtambui tarishi. Insulini iliyomezwa hulakiwa kama kipande cha samaki.

Ukatwaji huo huo ndio unaomfaa mla makande. Mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, na mahindi huufidia. Mwili hupokea shanga zilizochanganyika na kutunga upya nyuzi zake wenyewe, insulini ikiwa mojawapo, madhali visiwa vingali hai. Visiwa vikifa, tarishi lazima apitishwe chini ya ngozi, asikutane na wakataji.

Pengine bibi angeuliza pia habari ya nguruwe. Kwa miaka 60 insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Tangu 1982 imekuwa ikiuzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na nyingine hutengenezwa na hamira.

Suala la mikunjo na joto limefika hata Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, kambi ambazo baadhi ya waliopita huko leo wanaishi Toronto. Kanuni husema insulini ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Katika kambi ya Dagahaley familia hazina friji, na wagonjwa walilazimika kufuata sindano hospitalini kila siku. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya utafiti wao: insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani, ila ni habari njema kwa mama asiye na umeme.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kuyaeleza haya. Tarishi, shanga, ute wa yai, makande na hamira vilikuwapo kabla bibi hajapanda ndege. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatunga pamoja kabla yeye hajaingia kwa daktari. Chati ya ukutani haihitaji kung'olewa. Ingetosha kuandikwa, mbele ya neno protini, kwamba hujenga, hukata, na hupeleka habari.