Zima Tu Hiyo Taa

Gari zima, ukizungusha ufunguo, huanza kwa kulalamika. Kabla injini haijawaka, dashibodi inajaa taa: ya betri, ya oili, ya injini, na ile nyekundu yenye mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Hiyo ni ya eabegi, mfuko wa hewa uliokunjwa katikati ya usukani. Inawaka sekunde chache wakati kompyuta inajikagua, halafu inazimika yenyewe. Isipozimika ni habari mbaya. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, ila hiyo haimsumbui mtu.

Ya gari la mama ilikuwa haiwaki kabisa.

Mama ni muuguzi. Anaishi Kibaha, anafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo Barabara ya Morogoro anaijua kwenye giza la saa kumi alfajiri, pamoja na malori yake yote. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, alilinunua likiwa limeshatumika. Yeye alikuwa analalamikia honi tu. "Inalia ikijisikia," aliniambia. "Nikikata kona inakufa." Ni hiyo kona iliyonifanya nikae kwenye kiti cha dereva na kuzihesabu taa moja moja.

Usukani unazunguka, na waya wa kawaida ukizungushwa hivyo kila siku utakatika. Ndiyo maana nyuma ya usukani kuna kikopo bapa cha plastiki, ndani yake utepe mwembamba wenye nyaya, umeviringwa kama springi ya saa. Ukikata upande mmoja unajikaza, upande wa pili unalegea. Mafundi wengine hukiita klokispringi. Umeme wa honi unapita humo, na wa eabegi ya dereva pia. Honi ikifa utajua siku hiyo hiyo. Eabegi ikifa, unaweza kuja kujua siku ya ajali, wakati ilitakiwa ijae kwa takriban milisekunde 30, kabla hujamaliza hata kupepesa jicho.

Tulienda kwa fundi umeme mmoja pale Maili Moja, anayefanya kazi chini ya mwembe. Alipofungua dashibodi tulikuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa juu ya taa ya eabegi. Kimekatwa vizuri, kwa mkasi. Mama alikiangalia muda mrefu bila kusema kitu. Fundi akakibandua, akawasha, na taa ikawaka na kubaki inawaka. Mashine yake ya kusoma kompyuta ikaleta jibu: saketi ya eabegi ya dereva imekatika.

"Dada, njia ni mbili," alisema. "Tutafute klokispringi, au nikuwekee rezista. Taa itazima leo leo."

Rezista anayoisema ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, cha omu 2 hivi, karibu sawa na ukinzani wa kiwashio cha eabegi. Ukikiunga kwenye waya, kompyuta inadhani eabegi ipo na iko tayari. Nilimuuliza kama watu wanakubali. Akacheka. "Mteja haniambii tengeneza eabegi. Ananiambia zima taa."

Sikumwona mtu mbaya, na bado simwoni. Rezista hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kutafuta ugonjwa, na aliitumia sawasawa. Alitoa waya hasi wa betri, tukasubiri. Vitabu vya mafundi vya magari mengi vinasema angalau sekunde 90, maana kompyuta ya eabegi inabaki na akiba ya umeme. Akalegeza boliti za pembeni ya usukani, akachomoa plagi ya njano, akailaza eabegi kwenye benchi, uso juu. Eabegi yenyewe hakuigusa na mita: mita hupitisha umeme kidogo, na kiwashio hakihitaji mwingi. Akachomeka rezista mahali pa eabegi, akarudisha betri, akasoma tena. Kosa liko pale pale. Basi eabegi haina shida, njia ndiyo imekatika. Akatoa betri tena na kung'oa kikopo, akakipima huku akikizungusha: katikati namba ipo, kulia namba inapotea. Kona za mama.

Kipya cha dukani kilikuwa mbali na mfuko wetu. Cha mtumba tulikipata Shauri Moyo, Ilala, kwa shilingi 60,000 baada ya kubishana sana, na fundi hakukubali kulipa mpaka alipokipima mizunguko yote pale pale kaunta. Kukifunga kunataka subira: matairi yanyooke, kikopo kizungushwe taratibu hadi mwisho, kisha kirudishwe kama mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Ukikosea, utepe unakatika kwenye kona ya kwanza kali.

Akafuta kosa kwenye kompyuta. Mama akazungusha ufunguo, taa nyekundu ikawaka, naye akashtuka: "Mbona imerudi?" Nikamwambia asubiri. Ikazimika. Akakata usukani hadi mwisho kulia na kupiga honi, kuku wa jirani wakatawanyika.

Fundi aliirudisha rezista kwenye kopo la maziwa pamoja na nyingine nyingi. Nyuma yetu kulikuwa na kijana amesubiri muda mrefu, gari lake linanguruma, taa ya eabegi inawaka. Alishusha kioo kabla hata sisi hatujaondoka.

"Fundi, mimi yangu dakika mbili tu. Zima hiyo taa, nina abiria."