Mtoto Asiyetumwa

Kwetu Tanga mtoto huanza kuhesabika siku anapotumwa. Nenda kwa jirani ukaombe ndimu. Lete kata. Mwambie baba yako chai tayari. Wa miaka 4 anatumwa chumvi anarudi na sukari, watu wanacheka, kesho anatumwa tena. Mpwa wangu ana miaka 9, na hadi mwaka jana hakuna aliyewahi kumtuma kitu. Ana usonji. Maneno yake hayazidi kumi, pikipiki ikipita anaziba masikio, na jioni alikuwa akijirusha ukutani kwa bega, tena na tena, mpaka dada yangu amkumbatie kwa nguvu. Si kwamba hakupendwa. Walimwonea huruma, na huruma ikamkalisha mkekani.

Nasoma shahada ya uzamili ya elimu maalumu, kwa hiyo kujirusha huko nimekukuta vitabuni. Shule ya msingi ilitufundisha milango 5 ya fahamu. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani aliyefariki mwaka 1988, alitilia mkazo mingine tusiyoihesabu: mizani iliyomo ndani ya sikio, inayotuambia kama tumesimama au tunaanguka, na taarifa za misuli na viungo, zinazotujulisha mkono ulipo hata gizani. Mtoto anayezipata taarifa hizo kwa unyonge huweza kuzitafuta kwa nguvu: anaruka, anagonga, anajibana katikati ya magodoro. Kwa mtazamo huo, ukuta wa dada ulikuwa ukimwambia mwanawe mwili wake unaishia wapi.

Darasani tunaoneshwa picha za vyumba vya Ulaya: bembea za kitambaa, mipira mikubwa, mablanketi yaliyotiwa uzito. Nilizitazama nikawaza jiko la dada. Kukuna nazi, umekaa chini juu ya mbuzi, mgongo unajishikilia wenyewe, mikono miwili inasukuma na kuzungusha. Kupukuchua mahindi, dole gumba linafanya kazi kwelikweli. Kukanda unga wa chapati. Kuchambua mchele, kuchota maji. Vyote vilikuwepo. Hakuwepo mtu wa kumwambia mtoto, lete.

Tulianza na mchele, kwa kuwa unga mbichi ukimgusa vidoleni analia mpaka aoshwe. (Mbuzi nayo tuliiacha, meno yake hayana mchezo.) Siku za kwanza hakuchambua chochote. Alizamisha mikono ndani ya mchele akatulia hivyo, macho yamefumba. Dada akasema, mwache, tutaupika vilevile. Baadaye yakaja maji: dumu la lita 5, limejazwa nusu, kutoka bombani uani hadi jikoni, hatua kama 20.

Lililokuwa gumu halimo vitabuni. Jirani, mama mwema ambaye amempakata mtoto huyu tangu uchanga, alisimama uani akauliza, "Shoga, hata huyu naye unamtumikisha?" Dada hakujibu. Dumu likakaa tupu siku mbili.

Namwelewa jirani. Wapo watoto wenye ulemavu waliofichwa vyumbani, wapo wanaopelekwa kuomba barabarani. Mwenye moyo akimwona mmoja wao na mzigo lazima ashtuke. Siku zile mbili nililiwaza neno lake, kutumwa na kutumikishwa, lina mpaka gani. Anayetumwa hupewa uzito anaoumudu, akichoka huachwa, na alicholeta hukiona kikitumika. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Shanga anazotunga mtoto kwenye mazoezi hufumuliwa akitoka, ili mwenzake azitunge. Maji ya mpwa wangu tunayapikia wali.

Siku ya tatu dada alilijaza dumu, na jirani alipopita akamwambia tu, "Leo zamu yake."

Sidai makubwa. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwataka madaktari wawaeleze wazazi kwamba ushahidi wa tiba ya aina hii ni mdogo na haujatoa jibu, na tahadhari hiyo nimeiweka kwenye tasnifu yangu. Dumu halijamwongezea mtoto neno. Ukuta bado anauendea, hasa mvua ikipiga bati. Ila akishabeba safari nne tano anakaa kula mpaka sahani inaisha, na dada naye anakula chakula kikiwa moto, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Juzi jirani alikuja kuomba maji. Dada alikuwa na unga mikononi, akageuka akamwambia mwanawe, "Mletee bibi." Akaenda bombani, akarudi na dumu limejaa, akampita jirani bila kumtazama, akayamimina kwenye mtungi wetu, palepale anapoyamimina siku zote. Jirani akacheka, akamnyooshea ndoo yake. "Haya baba, nenda tena."