Sauti ya Nyanya

Mwalimu wetu husisitiza kwamba tuiite tarakilishi. Nyumbani kwetu Nakuru iliitwa "ile mashine ya Mama", nami katika kisa hiki nitaiita kompyuta ili tusikawie njiani.

Ilikuwa ya mtumba. Mamangu, ambaye ni mshonaji, aliinunua ili aandikie hesabu za chama chao. Ukiiwasha asubuhi, ungeweza kupika chai, ukainywa, nayo bado inajikokota kama kinyonga. Likizo ya Agosti mwaka 2024, nikiwa Kidato cha Kwanza, nilijitwika kazi ya kuiponya. Si nilikuwa nimesoma somo la kompyuta mihula miwili mizima? Nikagundua kwamba diski imejaa pomoni. Nikatafuta faili kubwa kubwa, nikazihamisha zote hadi kwenye flashi. Kompyuta ikachangamka kidogo. Nikajigamba, "Mama, na tena nimeziweka akiba!"

Hapo ndipo nilipopotoka, ewe msomaji. Nilihamisha, sikunakili. Vitu vilivyokuwa mahali pamoja vilibaki mahali pamoja, ila sasa ni padogo kama kidole.

Miongoni mwa faili hizo zilikuwamo hadithi 6 za Nyanya. Nilimrekodi kwa simu ya Mama mwaka 2023, tukiwa tumeketi jikoni, wakati nikijiandaa kwa KCPE ile ya mwisho nchini. Februari iliyofuata Nyanya akaaga dunia.

Wiki moja baadaye nilienda saiba kuchapisha barua. Niliporudi na kuchomeka flashi, lahaula! Makabrasha yote yamegeuka vijialama vyenye mshale. Nikibofya, hakifunguki kitu. Kijasho chembamba kikanitoka. Nilikuwa nimesikia ati dawa ya virusi ni kufomati. Nikafomati. Flashi ikawa tupu kabisa. Kisha, kwa ujinga ambao hata leo sijajisamehe, nikaijaza nyimbo na filamu.

Siku tatu sikusema neno. Jumapili jioni Mama akaniambia, "Hebu niwekee ile ya sungura. Leo namkumbuka mamangu." Niliinama nikatazama vidole vya miguu yangu. Mama hakunichapa, wala hakupaza sauti. Alirudi kwenye cherehani yake akashona hadi usiku wa manane. Afadhali angenichapa.

Fundi tuliyemwendea alinisikiliza akatikisa kichwa. "Kijana, kirusi hicho hakikula kitu. Huzificha faili zako tu, kikakuwekea vijialama vya uongo. Zingefichuliwa kwa amri moja. Hata ulipofomati haraka haraka, ulifuta orodha, si yaliyomo. Lakini umezimwagia nyimbo juu." Alijaribu programu yake ya kuokoa faili, akaambulia patupu.

Kompyuta yenyewe aliifungua. Vumbi lililotoka humo lingetosha kupanda sukuma wiki! Programu 11 zilikuwa zikijiwasha pamoja nayo kila asubuhi, akabakiza 3. Kinga ya virusi aliikuta imezimwa. Nani aliizima? Mimi, ili nipate kuweka mchezo fulani wa magari. Tena nilikuwa nimeahirisha masasisho ya Windows kwa miezi kadhaa, eti yanamaliza bandoli. Fundi akanisimulia juu ya WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ikazifunga faili za watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Kumbe Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu lile tangu Machi! Waliotiwa kitanzini ni wale ambao mashine zao hazikuwa nacho.

Siku hizi kila Jumamosi Mama hunakili hesabu za chama kwenye diski ya nje. Akimaliza huichomoa, kwa sababu kirusi cha aina hiyo hufikia hata diski iliyounganishwa, akaitia katika sanduku la leso. Nakala nyingine iko kwa Shangazi, Naivasha. Nami mara moja kwa mwezi hufungua faili kadhaa za akiba nione kama zinasomeka. Hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 1998 huko Pixar, Marekani, sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ilifutwa kwa bahati mbaya, na nakala zao za akiba zikawa mbovu. Walinusurika kwa kuwa Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua, alikuwa na nakala kwake nyumbani.

Sisi hatukuwa na Galyn, ila Desemba binamu yangu alikuja kutoka Kisumu. Mama alikuwa amemtumia hadithi moja zamani, naye hakuifuta. Ni ya dakika 4. Katikati kuku anaingia jikoni, Nyanya anamfukuza, "Shii! Toka!", kisha ananiuliza, "Nilikuwa nimefika wapi?" Ninasikika nikicheka. Halafu simu ikaingia, na hadithi ikakatikia hapo.

Mama aliisikiliza mara tatu. Kisha akaniuliza, "Umeinakili?"

"Mara tatu, Mama."

"Nionyeshe."