Watu wa Nyuma ya Mlango

Mgeni aingiapo katika nyumba ya makumbusho huona vitu, haoni mikono. Huitazama sahani iliyo ndani ya kioo, husoma kikaratasi kilichowekwa kando yake, hustaajabu kidogo, kisha hupita. Hajiulizi ni nani aliyeifuta vumbi asubuhi ile, wala ni nani aliyehifadhi habari za ilikotoka. Mimi nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo mpaka siku nilipofanya kosa. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama ukucha, lakini sijalisahau, na ndilo linalonifanya niandike insha hii.

Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuiita Fort Jesus, imeonja kazi nyingi. Ilikuwa boma la vita. Chini ya Waingereza ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958. Kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nilipokuwa mwanafunzi niliruhusiwa kukaa majuma machache katika vyumba vyake vya ndani, nichore vigae vya vyombo kwa ajili ya masomo yangu. Nilikabidhiwa kwa mtumishi mmoja mkongwe. Hakuwa mtu wa vyeti, wala jina lake halimo katika kitabu chochote kilichopigwa chapa. Aliingia kazini ujanani, siku zilipokuwa zikitolewa baharini mali za merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980.

Mzee huyo alinifundisha jambo ambalo sikulisikia darasani. Chombo kilichokaa baharini karne tatu, alisema, hakijaokoka kwa kutolewa majini. Chumvi imekwisha ingia tumboni mwake. Kikiachwa kikauke, chumvi hugeuka chembe, chembe husukuma kutoka ndani, na rangi ya juu hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Basi hurudishwa majini, lakini maji matamu, nayo hubadilishwa tena na tena, kwa majuma na hata miezi, mpaka chumvi itoke. Kumwaga maji na kutia mengine si kazi ya kumpigia mtu ngoma. Lakini sahani anayoistaajabia mgeni leo isingekuwapo kama watu hao wangechoka.

Baada ya chumvi huja nambari. Mahali pasipoonekana hupakwa vanishi nyembamba, juu yake huandikwa nambari kwa wino, kisha hupakwa vanishi tena ili wino usifutike. Nambari hiyo ndiyo iliyomo daftarini, na daftari hueleza kitu kilipatikana wapi, kwa kina gani, na kando ya nini. Kigae bila ya nambari ni kama shahidi aliyekatwa ulimi: yupo, aliona, lakini hawezi kusema.

Siku moja nilikuwa na masinia matatu ya vigae mbele yangu, vilivyokwisha oshwa lakini havijaandikwa bado. Nilikuwa nimeonywa nifunue sinia moja tu kwa wakati mmoja. Kwa haraka ya ujana niliyafunua yote, nipate kulinganisha nakshi. Jioni, nilipokusanya karatasi zangu, nikakuta kigae kimoja chini yake. Sikujua kimetoka sinia lipi. Hapakuwa na aliyeniona. Moyo ulinishauri nikitie katika sinia lolote niende zangu. Kipande kidogo kama kile, nani angekijua? Nikakitia. Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nilimwendea mzee, nikamwamkia, nikakiri.

Hakunikaripia. Alikichukua kigae hadi dirishani, akakigeuza mara nyingi, akarudi kuyatazama masinia yote matatu. Mwishowe akasema, "La tatu silo, udongo wake mwingine. Katika haya mawili sijui."

Nikamsihi akisie, maana macho yake niliyaamini kuliko vitabu. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nikikisia leo, kesho wewe utaandika kuwa ni kweli, na mwenzio ataandika kwa kukutegemea wewe. Uongo huo utaishi kuliko sisi sote."

Akafungua daftari, akaandika kwamba mahali pake hapajulikani. Chini palikuwa na nafasi ya jina la mwenye dhamana. Nilidhani ataniita nitie langu. Akatia lake.

Wako wachache wa kundi lake waliopata kutajwa. Kamoya Kimeu alianza kazi ya kuchimba kwa Louis na Mary Leakey mwaka 1960, kisha akaitumikia Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya vijiwe, na kutoka hapo ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Alipofariki mwaka 2022, sifa zake zilienea katika nchi nyingi. Ilikuwa haki yake. Lakini kwa kila mmoja aliyetajwa wako wengi wasiotajwa, nasi tusomao vyuoni hujengea elimu yetu juu ya uaminifu wao. Tunataja kitabu, kitabu hutegemea daftari, na daftari hutegemea mtu ambaye, pasipokuwa na wa kumwona, alikataa kukisia.

Niliporudi ngomeni baada ya miaka mingi, mzee alikuwa amestaafu. Niliomba kuliona daftari, nikaonyeshwa na kijana aliyefunzwa naye. Ukurasa ulikuwa umegeuka manjano. Jina lake limo humo, kwa mwandiko wake mzuri, chini ya kosa langu. Niliomba ruhusa nitie langu kando yake. Kijana akaniambia kwa adabu kwamba daftari halifutwi wala haliongezwi. Ndivyo mzee alivyomfundisha.

Basi nimeungama hapa.