Baridi Yabisi Si ya Wazee Peke Yao

Kwetu Songea, goti likimuuma mtu mwezi wa saba lawama zote anabebeshwa baridi. Na kweli, baridi ya huku si ya mchezo. Ndiyo maana mdogo wangu, akiwa na miaka sita, alipoanza kuamka anachechemea, bibi alisema avalishwe soksi ndefu tu. Ikifika saa nne anakimbia kama wenzake. Shuleni wakamwona anadeka: mchakamchaka hawezi, rede anaweza!

Goti lilipokaa na uvimbe miezi miwili, mama akampeleka hospitali. Wakapima selimundu, hamna. Kifua kikuu, hamna. Mwishowe daktari akasema ni baridi yabisi ya utotoni, aina nyepesi. Bibi akashangaa: "Mtoto huyu? Si ugonjwa wetu wazee?"

Sio. Huu huanza kabla ya miaka 16 na hudumu wiki 6 au zaidi. Kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kwa nini inaanza, hakuna anayejua kwa hakika. Ila hali ya hewa haiuleti, hata kama jina linasema baridi. Unaitwa mwepesi kwa sababu miezi 6 ya kwanza unagusa viungo visivyozidi 4, mara nyingi goti au kifundo cha mguu. Usiku kiungo kikitulia kinakaza, mtoto akitembea kinalegea. Kumbe kile walichokiita kudeka ndiyo dalili yenyewe.

Na wepesi huo una mtego. Ugonjwa unaweza kuvimbisha jicho kwa ndani, bila wekundu wala maumivu, hadi mtoto apoteze uwezo wa kuona. Kwa hiyo mdogo wangu, mbali na dawa na mazoezi ya goti, anapimwa macho kila baada ya miezi mitatu, hata akisema, "Dada, mbona naona vizuri?"

Walimu watarajiwa wenzangu, BTP inakuja na tutashika zamu. Mtoto akichechemea asubuhi na kucheza mchana, tusikimbilie fimbo. Tumuulize inauma zaidi saa ngapi, tuangalie kama goti limevimba, kisha tumwite mzazi. Hatuwezi kumtibu, lakini sisi ndio tunaomwona kila asubuhi.